Maziwa Hayatoshi

“Mwanangu, mtoto hajashiba huyo. Mpe hata maji ya sukari.” Bibi husema hivyo kwa mapenzi, usiku wa tatu, mtoto akilia na mzazi akiwa hoi. Mara nyingi kunyonyesha huanza kuyumba hapo.

Titi si mtungi unaojazwa ukaisha. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Kadiri anavyonyonya ndivyo yanavyoongezeka. Aliyenyweshwa maji ya sukari hunyonya kidogo, titi nalo hupunguza, na baada ya siku chache maziwa huwa hayatoshi kweli. Wapo wanawake ambao maziwa yao ni haba kimaumbile, lakini ni wachache. Wengi hukatishwa tamaa na kilio, ilhali mtoto hulia kwa mengi. Mkojo wa mara kwa mara na uzito unaopanda kwenye kadi ya kliniki ndivyo vya kuamini.

Mwanzo nao una uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, apate dang'a, yale maziwa ya njano ambayo baadhi ya wazee waliyaona machafu wakaagiza yakamuliwe na kumwagwa. Hapo mkunga ana nguvu kuliko mahubiri yoyote: akimlaza mtoto kifuani mwa mama, kazi imeanza. Baada ya kujifungua kwa upasuaji, kunyonyesha huchelewa kuanza, na mama huhitaji msaada zaidi.

Kisha kuna kazi. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ya kazi. Lakini miezi sita ya maziwa ya mama pekee inayoshauriwa ni takriban siku 180. Na saa mbili zamfaa nini mwanamke anayeishi Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliyeajiriwa Posta, katikati ya jiji? Zinaishia kwenye daladala.

Nchini Kenya, kiwango cha watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee kilipanda kutoka asilimia 32 mwaka 2008–09 hadi 61 mwaka 2014. Maumbile ya wanawake hayakubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni waliowazunguka.

Basi ukienda kumpongeza mzazi, usimuulize kama maziwa yanatoka. Mpelekee supu, mfulie nepi, umwache anyonyeshe.