Kuku Wako Watalala Wapi Ukiteremka Shambani?

Mvua za vuli zikikaribia, watu wengi wa Ugweno hufanya safari ile ile. Huacha nyumba zao zilizo katikati ya migomba na kahawa. Huteremka mlima na kwenda tambarare kulima mahindi na maharage. Wengine huenda alfajiri na kurudi jioni. Wengine hulala huko siku mbili au tatu, kwa sababu njia ni ndefu na mlima ni mkali.

Mbuzi huachiwa jirani. Ng'ombe hukatiwa majani ya kutosha. Lakini kuku je? Mara nyingi kuku huachwa wajitafutie.

Siku ya kurudi, mama anafika nyumbani na jembe begani. Anaita kuku wake. Walikuwa tisa, sasa wanakuja watano. Chini ya mgomba kuna manyoya. Mtetea aliyekuwa akitaga hayupo.

Labda utauliza: kwa nini ukurasa wa afya uzungumze habari za kuku? Jibu liko jikoni. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka. Yai moja lina kiasi cha gramu 6 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza kula yai lililopikwa likaiva, huku akiendelea kunyonya. Wazee wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili chakula bora. Yai lilikuwa chakula bora wakati ule, na ni chakula bora leo. Basi kicheche akila mtetea wako mmoja, amekula pia mayai ya mtoto wako.

Kwanza, mjue mwizi wako. Wezi wa kuku si wa aina moja, na kila mmoja huacha alama yake.

Mwewe huja mchana. Huchukua vifaranga, na haachi kitu. Unahesabu asubuhi vifaranga kumi, jioni wanane, wala hakuna damu.

Kicheche ni mnyama mdogo mweusi mwenye milia myeupe mgongoni. Huja usiku. Huuma kichwa na shingo, na akiingia bandani anaweza kuua kuku kadhaa kwa usiku mmoja. Akishtuka hutoa harufu mbaya sana. Ukifungua banda asubuhi ukakutana na harufu hiyo, huna haja ya kuuliza nani alikuja.

Nguchiro hutembea mchana, hupenda mayai na vifaranga. Kanu, yule mnyama mwenye madoa anayefanana na paka, huja usiku na ni hodari wa kupanda miti. Kwa hiyo wanaosema kuku wao wanalala salama juu ya mparachichi wanajidanganya. Kwetu Ugweno migomba imesongamana, na misitu kama Minja haiko mbali. Wanyama hawa wana mahali pengi pa kujificha.

Nyoka humeza yai zima au kifaranga kizima. Panya huburuta vifaranga wadogo hadi shimoni. Mbwa wa jirani, naye tumtaje ingawa ni aibu, hutapanya manyoya uwanja mzima.

Halafu kuna siafu. Mimi niliwahi kupoteza mtetea aliyekuwa akiatamia kwa sababu ya siafu. Mtetea aliyeatamia hakubali kuacha mayai yake. Siafu walipopita usiku walimkuta palepale, na asubuhi nilikuta mifupa na maganda. Tangu hapo sitagishi kuku chini, mahali ambapo siafu wanaweza kufika kwa urahisi.

Lakini angalia jambo moja. Ukikuta kuku wengi wamekufa bila jeraha, wengine wamesinzia, wanaharisha kijani au shingo zimepinda, huyo si kicheche. Huenda ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu, ila chanjo ipo. Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa Tanzania. Kila kuku hupewa tone moja katika jicho, kila baada ya miezi 4. Hupewa kuku wazima, kabla ugonjwa haujaingia. Muulize ofisa mifugo wa kata yako.

Sasa tuje kwenye malazi. Kwa kuogopa kicheche, watu wengi hulaza kuku jikoni, au hata katika chumba wanacholala watoto. Nia ni nzuri, lakini kuku wanaponyea sakafu, mtoto anayetambaa hushika kinyesi na kutia mkono mdomoni. Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoleta kuhara. Viroboto na utitiri wa kuku nao huhamia kitandani. Hivyo unamwokoa kuku na kumuumiza mtoto. Kuku wawe na nyumba yao.

Nyumba hiyo haihitaji fedha nyingi. Simika nguzo nne, na sakafu iwe juu ya ardhi kiasi cha mita moja. Sakafu iwe ya fito zilizopangwa karibu karibu, ili kinyesi kidondoke chini. Kinyesi hicho kizoe kila wiki, ni mbolea nzuri ya mboga na migomba. Kuta ziwe za fito au mbao. Paa liezekwe kwa nyasi au bati, lakini bati huchoma mchana, kwa hiyo jenga kivulini au weka nyasi juu ya bati. Mita moja ya mraba inatosha kuku wanane kulala.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi upana wa kidole kimoja. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanajenga banda zuri, wanaacha pengo la vidole vitatu karibu na mlango, na kumbe mnyama mwembamba hupita mahali popote kichwa chake kinapopita. Nyavu za kuku nazo zisikudanganye. Zile za matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini hazimzuii nyoka wala panya asiingie.

Kila nguzo izungushie kipande cha bati, kama debe lililokunjuliwa, nusu ya njia kwenda juu. Kucha za mnyama huteleza kwenye bati. Miguu ya nguzo isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, na siafu hawatavuka. Usipopata oili, zungushia majivu mengi, ila mvua ikinyesha uyaweke upya. Fyeka majani kuzunguka banda. Ngazi ya kupandia kuku iondoe kila jioni, maana kuku akipanda kwa ngazi hiyo, kicheche naye atapanda.

Mlango uwe na komeo la kweli. Jiwe lililoegemezwa si komeo. Funga kabla giza halijaingia, na uwahesabu kuku kila jioni. Kazi hiyo mpe mtoto anayejifunza hesabu, naye aandike idadi kwenye daftari.

Vifaranga wanahitaji ulinzi zaidi. Wiki nne za kwanza waweke na mama yao chini ya tenga wakati wa mchana. Mwewe ataona, lakini hatapata. Waachie maji humo humo.

Maji nayo wengi huyasahau. Kuku mmoja mkubwa hunywa kiasi cha robo lita kwa siku, yaani bilauri moja. Wakati wa joto huweza kunywa mara mbili ya hapo. Yai lenyewe, robo tatu yake ni maji. Kuku akikosa maji siku nzima hupunguza kutaga au huacha kabisa, na huchukua siku nyingi kurudia hali yake. Watu hulalamika kwamba kuku wao ni wavivu wa kutaga, kumbe ni kiu.

Ukiacha maji katika sufuria wazi, kuku atayapanda, atayanyea na kuyamwaga kabla hujafika Kifaru. Tengeneza chombo hiki, kila kitu unacho nyumbani.

Chukua galoni ya lita 5 yenye kifuniko kinachokaza vizuri. Isiwe iliyowahi kutiwa dawa ya kahawa au sumu yoyote. Chukua pia beseni au sinia yenye ukingo wa vidole vitatu. Toboa galoni tundu moja upande wa chini, kwenye urefu wa kidole kimoja na nusu kutoka kitako chake. Tundu hilo lazima liwe chini kuliko ukingo wa beseni. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, kaza kifuniko. Simamisha galoni ndani ya beseni, kisha achia kidole.

Maji yatatoka mpaka yafunike tundu, halafu yatasimama. Kwa nini? Kwa sababu hewa haiwezi tena kuingia ndani ya galoni, na hewa isipoingia maji hayatoki. Kuku wakinywa, maji ya beseni hushuka, tundu hufunuka, hewa huingia, na maji mengine hutoka. Kifuniko kikilegea, maji yote yatamwagika mara moja.

Weka chombo kivulini. Jua likiipiga galoni, hewa iliyo ndani hutanuka na kusukuma maji nje. Weka vijiwe safi ndani ya beseni ili vifaranga wasizame. Beseni lioshe kila unapojaza maji. Usiyaache maji yale yale wiki nzima, maana mbu hutaga humo.

Jaribu chombo hicho siku mbili kabla ya safari, ukiwa nyumbani. Kuku waogope leo ukiwa hapo, wasije wakaogopa kesho ukiwa shambani. Wapo kuku wanaokataa kabisa chombo kipya mpaka njaa na kiu viwazidi.

Je, ukiondoka uwafungie au uwaache wazi? Ukiwaacha wazi, jioni hakuna wa kufunga mlango, na usiku ni wa kicheche. Ukiwafungia bila maji, wanateseka. Kwa safari ya usiku mmoja, mimi nashauri uwafungie bandani pamoja na maji na chakula, mradi banda liwe kivulini na hewa ipite. Kuku wanane kwa siku moja na nusu watamaliza kama lita 3 za maji, au hata 5 na zaidi kukiwa na joto. Basi joto likizidi, weka galoni mbili. Chakula usikimwage chini kwa wingi, kitaita panya. Kitie katika chombo.

Safari ikizidi usiku mmoja, galoni haitoshi. Tafuta mtu. Pengine bibi anabaki nyumbani, au jirani atateremka wiki inayofuata, ukamlindia wa kwake naye akakulindia wa kwako. Mwonyeshe komeo, mwonyeshe galoni, mwambie idadi ya kuku. Na ukirudi, mpe mayai mawili matatu.

Kuna kosa moja ambalo ni la hatari kuliko kupoteza kuku wote. Mtu akikasirika huchukua nyama, huipaka sumu ya panya au dawa ya wadudu, na kuitega karibu na banda. Usifanye hivyo kamwe. Sumu haichagui. Mbwa ataila, kuku wenyewe wataidonoa, na mtoto mdogo huokota kila kitu. Kuku aliyekufa kwa sumu, au usiyejua alikufa kwa nini, usimle. Mzike katika shimo refu.

Na ukimkuta nguchiro, bweha au mbwa bandani, naye hakuogopi, anayumba au anatoa mate, usimkaribie wala usimpige kwa mkono mtupu. Huenda ana kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 nzima. Usipake majani, usifunge kwa kitambaa kikaze. Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mahindi yanangoja palizi. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza, hakuna dawa ya kuuponya. Mwambie daktari ni mnyama gani alikuuma na saa ngapi. Kisha mjulishe ofisa mifugo na majirani, ili watoto wasicheze upande ule alikoonekana.