Picha moja ilivyorudisha vigango nyumbani

Kitu cha kale kikiwa ndani ya kabati la vioo, wengi wetu hutazama uzuri wake. Mhifadhi wa makumbusho anapaswa kuanza na swali jingine: kimefikaje hapa?

Tuchukue vigango. Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, inayosimikwa kumkumbuka mwanachama wa Gohu aliyefariki. Si pambo, na kikishasimikwa hakiondolewi.

Mwaka 1985, mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999, Udvardy alikitambua kimoja katika mkusanyiko wa makumbusho jimboni Illinois, Marekani. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ikawa ushahidi, na mwaka 2007 familia ilikabidhiwa vyote viwili. Mzee alikuwa ameshafariki.

Ndiyo maana kila kitu cha makumbusho hupewa namba na kuandikwa daftarini: kimetoka wapi, nani alikileta, lini, kwa idhini ya nani. Penye pengo, wizi hupata pa kujificha.

Nasi tunaweza kufanya hivyo nyumbani. Piga picha ya ngoma, kiti au kigango cha ukoo kwa simu yako. Onyesha alama zake na mahali kilipo, andika jina la mwenyewe, kisha mtumie ndugu nakala. Simu hupotea.