Kwa Nini Tangi la Hewa Hujaribiwa kwa Maji

Katika gereji za Mwanza, hewa iliyoshindiliwa hujaza magurudumu na kurusha rangi. Katika meli, huwashia injini kubwa za dizeli. Hewa hiyo hutunzwa katika tangi la chuma. Unyevu wa hewa ya pwani ya Ziwa Victoria huingia nayo, hugeuka matone na kutuama chini ya tangi. Hapo kutu huanza kula chuma kutoka ndani, mahali jicho lisipofika. Ndiyo maana maji hayo yapaswa kutolewa kila siku, na tangi kukaguliwa mara kwa mara.

Je, uimara wa tangi hujaribiwaje? Fundi hulijaza maji, huondoa hewa yote, kisha kwa pampu huongeza kanieneo polepole, kwa kawaida hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi.

Kwa nini isitumike hewa? Sheria ya Boyle ya mwaka 1662 yatoa jibu. Kanieneo ikizidishwa mara 10, hewa hupungua hadi sehemu ya kumi ya ujazo wake, ikawa kama springi iliyobanwa. Maji hayapungui hata sehemu moja katika elfu. Tangi la maji likipasuka, maji huvuja na kanieneo huanguka mara moja. La hewa likipasuka, hewa hutanuka ghafla na kurusha vipande vya chuma.

Geji ikishuka wakati pampu imefungwa, au chuma kikitoa unyevu, tangi lisirudishwe kazini. Kulichomelea kiraka bila jaribio jipya ni kuhatarisha maisha.