Vilima vya Shela: Mandhari Juu, Maji Chini



Kikundi kikikaa kupanga mradi, hakosi mtu wa kusema, "Tuwapeleke wageni mahali penye mandhari nzuri, watulipe." Wazo si baya. Lakini kabla ya kuhesabu pesa tujue kwanza mahali penyewe pana kazi gani. Tuchukue mfano wa vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu.

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni mwendo wa kilomita 3 hivi kwa miguu. Nyuma ya nyumba ndipo vilima vinapoanza. Ukipanda jioni utaona Bahari Hindi upande mmoja, na ng'ambo ya mkondo utaona kisiwa cha Manda na mikoko yake. Ziwa je? Liko, ila hulioni. Umelikanyaga!

Maji yanakaaje mchangani?

Mvua ya masika ikinyesha, mchanga unaimeza kabla haijakimbilia baharini. Maji hushuka taratibu mpaka yanapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya yale ya chumvi, kama mafuta juu ya maji. Visima vya Shela huteka hapo, na mji wa Lamu hunywa.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna kama mita 40 chini yake. Basi tukiteka kupita kiasi, maji yakashuka mita 1 tu, chumvi nayo huweza kupanda hadi mita 40. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka.

Nini huharibu?

- Kuteka maji mengi kuliko mvua inayoingia.
- Kubeba mchanga na kujenga juu ya vilima.
- Kung'oa majani na vichaka vinavyoushika mchanga usipeperuke.
- Kuchimba vyoo karibu na visima. Mchanga unaopitisha mvua hupitisha na uchafu.

Msidhani ni vitisho tu. Pale Manda kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17. Wataalamu hutaja sababu kadhaa, na mojawapo ni visima kuingia chumvi. Wenyeji wake walivuka wakaja Shela, na mpaka leo watu wa Shela huenda Takwa kuomba mvua. Wazee hao wanajua thamani ya maji kuliko sisi tunaofungua mfereji.

Je, wageni wasije?

Waje, lakini kwa mpango. Kule Mida, karibu na Watamu, shirika la Kikristo la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka 2001 mpango wa kusomesha watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Wageni hulipa kiingilio, wakapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na pesa husaidia karo za sekondari. Mzazi ambaye mtoto wake anasomeshwa na mikoko hawezi kushika shoka kirahisi.

Kikundi chenye kilima, ziwa au msitu kianze hivi:

1. Muulizeni mzee na mama mchota maji: maji yanatoka wapi, na yamebadilikaje?
2. Chagueni njia moja ya kupanda, muiwekee alama. Wageni wasitawanyike ovyo.
3. Onjeni maji ya kisima kila mwezi, katibu aandike kwenye daftari. Chumvi ikizidi, mpelekeeni habari afisa wa maji mapema.
4. Kubalianeni mbele ya mtunza hazina sehemu gani ya kiingilio itatunza mahali penyewe.
5. Heshimuni mila na ibada za wenyeji. Mgeni aambiwe mavazi yanayofaa kabla ya kupita kijijini.

Waislamu na Wakristo, sote tunamjua Isaka. Visima vya baba yake vilipofukiwa, alivifukua tena. Lakini kisima kilichoingia chumvi hakifukuliwi kwa jembe. Tukilinde kingali kitamu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.