Fahamu: Kwa nini majeruhi mmoja huvuruga hesabu za Simba na Yanga

Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, kati ya Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, swali ni lilelile kila mchezaji anapoumia: kwa nini asisajiliwe mwingine?

Kanuni zinasemaje?
Usajili una madirisha mawili: dirisha kubwa kabla ya msimu na dirisha dogo katikati yake. Yakifungwa, kocha hutumia aliowasajili. Wachezaji wa kigeni nao wana ukomo, hivyo mgeni aliye majeruhi huendelea kushika nafasi yake hadi klabu iliondoe jina lake. Goti lililokatika kano huweza kuhitaji miezi tisa au zaidi.

Mfano upo?
Aprili 2023, kipa wa Simba Aishi Manula aliumia, baadaye akafanyiwa upasuaji Afrika Kusini. Klabu ikamleta Mbrazili Jefferson Luis. Naye akaumia kabla msimu haujaanza, nafasi yake ikaenda kwa Ayoub Lakred wa Morocco.

Wakati hayo yakiendelea, aliyeziba pengo ni kijana wa benchi, Ally Salim. Agosti 2023, uwanja wa Mkwakwani, Tanga, aliokoa penalti tatu za Yanga na Simba ikatwaa Ngao ya Jamii.

Tujifunze nini?
Kikosi kipana hujengwa kabla ya majeraha, kwa kuwapa dakika wachezaji wa akiba. Na mashabiki tusimharakishe majeruhi. Akirudi hajapona, anaweza kupoteza msimu mzima, hata kipaji chake.