Bata Bukini Naye Alale Bandani

Jamaa zetu waliohamia Thika na Ruiru hufuga bata bukini uani, na wengi huwaacha walale nje kwa hoja kwamba ndege huyo ni mlinzi. Sisi hatuikubali hoja hiyo. Ni kweli ana usingizi mwepesi na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Lakini sauti hiyo husikika vilevile akiwa bandani, na mdomo wake haumfai kitu mbele ya kundi la mbwa koko. Kuku hulala juu ya tawi. Bata bukini hulala chini, na jike anayeatamia, kwa muda wa siku 30 hivi, hakubali kuyaacha mayai yake.

Kila ndege apate walau mita moja ya mraba, sakafu kavu yenye maranda, na matundu ya hewa juu ya vichwa vyao. Julai ya huko ni ya baridi, lakini harufu kali ya kinyesi huwadhuru kuliko baridi. Wavu mwembamba humzuia kuku kutoka, haumzuii mbwa kuingia. Chagueni waya mzito wa matundu madogo, na ncha yake ifukiwe ardhini sentimita 30. Komeo litiwe kufuli, maana mwizi ana vidole.

Wafungieni Maghribi inapokaribia. Wakikuta chakula kidogo bandani, baada ya siku chache wataingia wenyewe. Vifaranga watengewe pembe yao, wasikanyagwe gizani.