Vijidudu na Binadamu: Nani Rafiki, Nani Adui?

Mada hii huonekana nyepesi, na ndiyo maana wengi hupoteza alama humo. Mtahiniwa huandika "vijidudu husababisha magonjwa", kisha huweka kalamu chini. Jibu hilo halijakamilika. Vijidudu vingi havimdhuru binadamu, na vipo ambavyo mwili wako unavitegemea. Kila ukikutana na swali la mada hii jiulize mambo matatu: kijidudu hiki ni cha kundi gani? Kiko wapi? Kinafanya nini hapo?

1. Makundi manne ya kukumbuka

(a) Bakteria: wana seli moja isiyo na kiini halisi, na wengi wana ukuta wa seli. Mfano: Vibrio cholerae (kipindupindu) na Mycobacterium tuberculosis (kifua kikuu).

(b) Virusi: si seli. Ni DNA au RNA iliyofunikwa na ganda la protini. Huongezeka ndani ya seli hai tu. Mfano: virusi vya mafua, vya surua na VVU.

(c) Protozoa: wana seli moja yenye kiini. Mfano: Plasmodium falciparum (malaria), anayeenezwa na mbu jike wa Anopheles.

(d) Fangasi: wana kiini na ukuta wa seli. Hamira ina seli moja. Ukungu wa mkate umejengwa kwa nyuzi nyingi. Choa kichwani pia husababishwa na fangasi.

2. Vijidudu vinavyotufaa

Unapokanda unga wa maandazi na kuuacha uumuke, hamira hutumia sukari na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo huinua unga. Katika maziwa ya mgando, bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki; asidi hiyo huleta uchachu na kugandisha protini. Ng'oa mche wa kunde au maharage utaona vinundu kwenye mizizi. Humo huishi bakteria wa Rhizobium, ambao hubadilisha naitrojeni ya hewa iwe katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia, nao mmea huwapa sukari. Ndani ya utumbo wako mpana, bakteria hutengeneza vitamini K na kuziba nafasi ambayo vijidudu vya magonjwa vingeipata.

3. Mahali hubadilisha uhusiano

Aina nyingi za Escherichia coli huishi utumboni bila madhara. Bakteria hao hao wakiingia kwenye njia ya mkojo huleta maambukizi na maumivu. Basi usiandike kwamba kijidudu fulani ni "kizuri" au "kibaya" bila kutaja aina yake na mahali kilipo.

4. Antibayotiki na usugu wa dawa

Mwaka 1928 Alexander Fleming, akiwa London, aliona kwamba ukungu wa Penicillium ulizuia bakteria kukua karibu nao. Kutokana na ukungu huo ilipatikana penisilini. Dawa hii huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo penisilini haiponyi mafua.

Hapa kuna kosa la kawaida: kuandika kwamba "bakteria huizoea dawa". Sahihi ni hivi. Kati ya bakteria wengi, wachache huweza kuwa na mabadiliko ya jeni yanayowafanya wasiuawe na dawa. Dawa inapotumika, wale dhaifu hufa na hao wachache hubaki. Wakizaliana, watoto wao hurithi usugu. Hili ni uteuzi asilia, mada uliyosoma kwenye mageuko ya viumbe. Kasi yake ni kubwa: E. coli mmoja akigawanyika kila dakika 20, baada ya saa 1 wapo 8, na baada ya saa 7 wanapita milioni 2.

Ndiyo sababu matibabu ya kifua kikuu huchukua miezi kadhaa, na mgonjwa hasisitizwi bure kumaliza dozi. Akiacha kikohozi kinapopungua, bakteria waliobaki wanaweza kurudi wakiwa sugu, na kuambukiza watu wa nyumbani kwake.

5. Mfano wa swali na jibu

Swali: Juma ana mafua. Amenunua vidonge vichache vya antibayotiki dukani bila kupimwa. Eleza makosa mawili aliyofanya. (Alama 4)

Jibu: Kwanza, mafua husababishwa na virusi (alama 1), na antibayotiki hushambulia bakteria, si virusi (alama 1). Pili, dawa hiyo huua bakteria dhaifu waliomo mwilini mwake (alama 1) na kuwaacha wale sugu wazaliane (alama 1).

Angalia: kila alama imepatikana kwa kutaja sababu. Neno "ni hatari" peke yake halina alama.

Jipime

1. Taja tofauti mbili kati ya bakteria na virusi.
2. Kwa nini mkulima hushauriwa kupanda kunde baada ya mahindi?
3. Mtu aliyetumia antibayotiki anaweza kuharisha. Tumia sehemu ya 2 kueleza sababu.